Mhesabu Malori wa Barabara ya Kusini

Zoumana Traoré alizaliwa mwaka ambao hakuna aliyejishughulisha kuuandika, kisha serikali ikamwajiri aandike. Haikuwa kazi ya makuu. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kibanda cha bati kando ya kizuizi cha barabara ya kusini, mahali ambapo kila lori linalotoka Abidjan kuingia Sikasso, na kila linalotoka Sikasso kwenda Abidjan, husimama litake lisitake. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye safu nne: yaliyoingia na mzigo, yaliyoingia matupu, yaliyotoka na mzigo, yaliyotoka matupu. Lori likipita, anapiga mstari. Mwisho wa mwezi anajumlisha mistari, anatia karatasi kwenye bahasha, anaipeleka Bamako.

Katika miaka hiyo Bamako ilimjibu mara moja tu. Barua ilikuwa na mihuri miwili, na ilimwagiza aache wino wa bluu, atumie mweusi. Mwingine angekata tamaa. Zoumana aliona kwamba mtu asiyesomwa hana sababu ya kudanganya, akaendelea kuandika ukweli, kwa wino mweusi.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Katika kila malori kumi yaliyoingia yameshindiliwa sukari, unga wa ngano, maziwa ya unga, nyanya za kopo na nyama iliyogandishwa Ulaya, saba yalirudi kusini matupu. Mwaka nenda, mwaka rudi. Debe tupu haliachi kuvuma, na barabara yetu ya kusini ilivuma kiasi kwamba watoto wa mtaa ule walikua wakiongea kwa kupaza sauti.

Wataalamu wa mji mkuu walikuwa na jina la jambo hilo, urari wa malipo ya kawaida, na walilijadili kwenye vyumba vyenye viyoyozi. Zoumana alilijua kwa mlio. Jioni moja alimwuliza mkewe, Korotimi:

"Nyumba inayonunua kila siku na haiuzi kitu, nani analipa?"

"Si ndiyo nyumba yetu hii? Analipa shangazi yangu."

"Basi na nchi ina shangazi yake. Na shangazi akichoka?"

"Akichoka tutakula tulicholima, Baba Awa. Wewe kula ugali wako, mchuzi wa bamia ukipoa unanata kama serikali."

Zoumana alikula. Lakini swali lilibaki, kwa sababu alikuwa na majibu ya watu wengine. Madereva wa Kumasi, waliopitia kwake kila msimu wa kokwa za kola, walikuwa wamemsimulia ya kwao: malori yaliingia yamejaa miaka na miaka, kisha yakaanza kupungua bila mtu kueleza, kisha siku moja wakaamka na pesa yao imekuwa karatasi ya kufungia karanga. Kwanza mizigo inapungua, ndipo pesa inaanguka. Zoumana aliweka mpangilio huo kichwani, kwani kwenye karatasi hapakuwa na safu yake.

Hatua mia tatu kutoka kizuizini palikuwa na duka la Sira Diarra. Alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye pikipiki ndogo ya bluu na chumba cha baridi kilichounguruma mchana kutwa. Katika mji uliozungukwa na ng'ombe, Sira aliuza nyama ya ng'ombe iliyotoka Ulaya kwa meli, imeganda kama tofali. Na ilikuwa rahisi kuliko ya hapa. Ulaya iliwalipa wafugaji wake ili wauze kwa hasara, na faranga yetu, iliyofungwa kwenye faranga ya Ufaransa kama mbuzi kwenye kigingi, ilifanya kila cha mbali kiwe cha bei poa na kila cha kwetu kiwe ghali. Sira hakuvitunga vitu hivyo. Alivikuta, akavifanyia biashara.

Traoré na Diarra ni watani tangu enzi za mababu. Anayejua utani hahitaji kuelezwa: unamtukana mtani wako hadharani, unamwita mtumwa wako na mla maharage, naye haruhusiwi kununa. Akikuomba humnyimi. Damu yake huimwagi, hata kwa kumsukuma akachubuka. Na kuna sharti jingine ambalo hakuna anayelitaja, kwa kuwa kila mtu analiishi: neno la mtani haliaminiwi hata likiwa na mihuri miwili.

Kila asubuhi Sira alipunguza mwendo mbele ya kibanda.

"Mtumwa wangu, umeshahesabu mangapi?"

"Ishirini na mawili, mla maharage wee. Ningekuhesabu na wewe, ila sijui nikutie kwa wenye mzigo au kwa watupu."

"Mzigo, Traoré! Nimeukalia huu hapa, huoni? Au wino umekuingia machoni?"

Askari wa kizuizi walicheka, Sira akatia moto, siku ikaanza. Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja, na hakuna kati yao aliyewahi kumwambia mwenzake jambo la maana.

Agosti ya mwaka 1993 ikatangazwa kwamba noti zetu hazitabadilishwa tena nje ya eneo letu. Mjini watu waliipokea kama habari ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Zoumana aliipokea kwa mistari. Malori yaliyoingia na mzigo yalikuwa arobaini kwa siku. Oktoba yakawa ishirini na sita. Mwisho wa Novemba, kumi na tisa. Kwenye kijiwe cha chai wastaafu walitoa sababu kwa mpangilio wa glasi: glasi ya kwanza ilisema ni mgomo bandarini, ya pili ikasema ni madaraja, ya tatu, iliyo tamu zaidi, ikasema mambo yatakaa sawa. Zoumana alikunywa zote tatu na hakubishana. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hana haja ya kupandisha sauti kijiweni. Shangazi alikuwa ameanza kufunga mlango. Siku za pesa yetu zilihesabika, na yeye kuhesabu ndiyo kazi yake.

Basi asubuhi moja ya Desemba Sira alisimamisha pikipiki kabisa, akazima.

"Nipongeze, mtumwa. Nanunua chumba cha pili cha baridi. Kikubwa. Kinatoka Ufaransa."

"Kwa pesa gani?"

"Wale ng'ombe wa marehemu. Mafahali arobaini wanakula majani bure huko kwa mchungaji wao. Lassina Sanogo atawachukua wote Jumapili, elfu sabini na tano kila mmoja. Inatosha nusu ya kwanza. Nusu ya pili nalipa mzigo ukifika bandarini."

"Unalipa kwa faranga ipi?"

"Ya Wafaransa, kwani wao watachukua maharage yako?"

Zoumana aliweka kalamu chini, jambo ambalo askari walilikumbuka baadaye. Nusu ya pili ilikuwa faranga elfu sitini za Ufaransa. Kwa siku ile, milioni tatu za kwetu. Pesa yetu ikigawanyika katikati, ingekuwa milioni sita, na ng'ombe wa kuzilipia wangekuwa wameshauzwa na kuliwa. Akamwambia hivyo, moja kwa moja. Asiuze fahali hata mmoja. Asisaini kitu. Malori yanapungua, pesa itaanguka, na siku ikianguka Abidjan haitaweza tena kununua nyama ya Ulaya. Itatafuta ng'ombe wenye kwato.

Sira alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

"Jamani, Traoré amekuwa nabii! Maharage yamempanda kichwani!"

"Sira, mimi nakwambia."

"Na mimi nakusikia, mtumwa wangu. Endelea kuhesabu."

Akaondoka akiwa bado anacheka. Siku tatu zilizofuata Zoumana alimwambia tena mara nne, na kila mara alipokazana zaidi, Sira aliona utani umenoga zaidi. Zoumana alikuwa amekwama. Kama angekuwa Coulibaly, au Sanogo, au mtu yeyote asiye mtani, pengine angesikilizwa. Lakini mtu mwingine yeyote asingekuwa na karatasi zile.

Jumapili, tarehe kumi na mbili Desemba, Lassina Sanogo alifika zizini na malori mawili. Alikuwa mnunuzi mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama ng'ombe kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Sira alikuwepo, mchungaji alikuwepo, pesa ilikuwepo. Na kwenye mlango wa zizi, chali juu ya samadi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, alikuwepo Zoumana Traoré.

Jambo hilo kwetu halikosi sheria. Mtani huweza kulala mlangoni pa harusi, bibi harusi asitoke, au kulala kaburini kabla ya maiti, mpaka akombolewe. Watu hucheka, humpa kuku au noti, naye huinuka. Lakini hakuna aliyewahi kulala kwenye mlango wa biashara. Wazee wawili waliopita walisimama, wakashauriana, wakakubaliana kwamba ni aibu na kwamba hairuhusiwi kumwondoa.

"Inuka, mtumwa," Sira alisema, bado anatabasamu. "Kuku huyu, chukua."

"Sitaki kuku."

"Kuku wawili. Na noti ya elfu tano."

"Sitaki."

"Huyu kalewa?" Lassina aliuliza. "Mburuteni."

"Ukimgusa akachubuka, balaa linanipata mimi, si wewe," Sira akamkata. Tabasamu lilikuwa limepungua. "Haya, Traoré. Taja fidia yako."

"Jumapili nne."

"Nini?"

"Nipe Jumapili nne. Usiuze, usisaini. Ya nne ikifika sisemi tena neno."

"Mama," Lassina akasema, "leo nina sabini na tano. Mwezi ujao sijui nitakuwa na ngapi. Na hao Wafaransa wako watakungoja?"

Sira alimtazama mtani wake aliyelala chini. Mafahali nyuma yake walikuwa wamemkaribia, mmoja anamnusa kofia. Fidia ya mtani hainyimwi. Angeweza kumnyima, bila shaka, watu hunyima, lakini kisha angeishi Sikasso kama Diarra aliyevunja utani kwa sababu ya friji.

"Jumapili nne," akasema. "Na kanzu ufue mwenyewe."

Lassina akaondoka na malori matupu. Zoumana, kwa mazoea, aliyahesabu.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Siku zilipita na hakuna kilichotokea. Noti ziliendelea kuitwa noti, sukari iliendelea kuuzwa kwa bei yake, na kijiweni walianza kumwita Zoumana Nabii, hata wasio watani wake, jambo lililokuwa utovu wa adabu. Mkuu wa kizuizi alimwuliza kama mafahali wanakoroma. Korotimi alifua kanzu mara tatu, kwa sababu samadi haikumheshimu.

"Baba Awa, na kama umekosea?"

"Sijakosea."

"Nauliza kama."

"Jana yameingia kumi na moja. Kumi na moja, Korotimi! Nakumbuka arobaini. Sijakosea jambo, labda nimekosea tarehe."

"Mwenye ng'ombe atakula tarehe?" akasema Korotimi.

Jumapili ya nne iliangukia tarehe tisa Januari. Lassina alirudi na malori yale yale, na bei imeshuka hadi elfu sabini. Wakala wa Wafaransa alikuwa ametuma salamu kwamba anangoja mpaka Jumatatu. Sira alikuwa uani kwake anajifunga kitambaa cha kichwa, tayari kwenda zizini, Zoumana alipobisha hodi.

"Ingia, mtumwa! Leo utalala wapi? Kwenye malori?"

Zoumana alivua viatu mlangoni. Alivua kofia. Akakaa kwenye mkeka, si kwenye kiti, akaunganisha mikono.

"Sira," akasema, "habari za asubuhi. Watoto hawajambo?"

Sira aliacha kitambaa kikaning'inia upande mmoja. Katika miaka kumi na mmoja mtu huyu hakuwahi kumsalimia. Hakuna Traoré aliyewahi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Zoumana, usinitishe. Nani kafa? Sema!"

"Hakuna. Sina utani leo. Nimekaa barabarani miaka kumi na mmoja. Hii nchi inanunua isichoweza kulipa, na wanaotulipia wamechoka. Naona wamechoka kwa jinsi malori yanavyopungua. Yakipungua hivi, pesa haisimami. Sijui siku. Ningejua ningekuwa waziri. Lakini najua upande. Kila kilichokuja kutoka kusini kitakuwa ghali, na kila kinachokwenda kusini kitatafutwa. Wewe leo unauza kinachokwenda ili ununue kinachokuja. Nimesema. Ng'ombe ni wako."

Akainuka, akavaa kofia, akatoka akiinamisha kichwa, kama mtu anayetoka msibani. Hakumtukana hata mlangoni.

Ni hilo, si hesabu, lililombadilisha Sira nia. Baadaye alisema mwenyewe: hesabu hakuielewa vizuri, na habari ya wanaotulipia aliipata nusu nusu. Lakini Traoré anayemwita Diarra kwa jina lake bila kumtaja maharage ni sawa na kuku kuwika saa tisa alasiri. Husubiri kujua sababu, unaingiza nguo ndani. Akaenda zizini, akamwambia Lassina hauzi. Lassina alisema maneno ambayo kwa kuwa hawakuwa watani yalichukuliwa kama matusi. Wakala wa Wafaransa aliambiwa ampe mtu mwingine hicho chumba.

Siku mbili baadaye, Jumanne, wakuu wa nchi zetu walikutana Dakar, na Jumatano asubuhi redio ilisema faranga mia moja zetu, zilizokuwa sawa na mbili za Ufaransa tangu babu zetu, sasa ni sawa na moja. Msomaji habari alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mpira ambayo timu yake imefungwa.

Sitasema ilikuwa neema. Duka la dawa lilifunga siku nne na lilipofungua, dawa ya presha ya Zoumana ilikuwa imepanda karibu maradufu. Mshahara wake haukuongezeka, kwa sababu serikali nayo ililipwa kwa faranga zile zile. Hapo ndipo kijiwe kilipogundua jambo lililowafariji sana: Nabii alijua yote, na hakuwa na hata mbuzi mmoja wa kupanda bei. Alikuwa na mistari tu.

Lassina alirudi Alhamisi na elfu tisini na tano. Sira alimpa maji ya kunywa na kumtakia safari njema. Februari walikuja wenyewe wa Abidjan, wamevaa mashati ya maua, wanaulizia ng'ombe kama watu wanaoulizia ndugu waliopotea. Nyama ya meli ilikuwa haishikiki tena kule. Laki moja na kumi. Laki na ishirini na tano. Chumba cha baridi cha Sira kilibaki na makopo mawili ya maini ya kuku wa Ulaya na barafu nyingi, mpaka alipokijaza nyama iliyochinjwa hatua mia tano kutoka hapo, na wateja wakakubali kwamba wameisahau ladha yake.

Barabarani mistari ilihama. Safu ya yaliyotoka na mzigo, ambayo miaka yote ilikuwa kama mdomo wa mzee mwenye mapengo, ikajaa: ng'ombe, kondoo, viazi, maembe makavu, hata mtama. Yaliyorudi kutoka kusini ndiyo yaliyopiga kelele. Nchi iliyokuwa ikinunua sana ilikuwa sasa inauza sana, kwa sababu moja ya msingi: haikuwa na uwezo wa kununua. Zoumana alituma karatasi ya Machi, na kwa mara ya kwanza tangu barua ya wino, Bamako ikaandika. Ilimjulisha kwamba amebadilisha safu kwa makosa, arekebishe na kurudisha. Akairudisha kama ilivyo.

Mwisho wa mwezi huo Sira aliamua kutouza kwa yeyote aliyekuja mlangoni. Alikodi malori mawili mwenyewe, akapakia ishirini, akaacha ishirini kwa mchungaji, na akapanda mbele ya lori la kwanza kuwapeleka Abidjan kwa mkono wake. Kizuizini alishuka. Zoumana alikuwa kibandani.

"Mtani," Sira akasema. "Nikirudi nanunua ndama. Nipunguze au niongeze?"

"Ongeza. Lakini pesa yote usiiweke kwenye kwato. Kinachopanda kwa wengi hushuka kwa wengi."

"Hilo umelitoa kwenye karatasi?"

"Nimelitoa kichwani. Na fidia yangu mimi? Nililala kwenye samadi mchana kutwa."

"Ulishalipwa Jumapili nne."

"Zile nilikukopesha. Nataka fahali."

"Fahali! Kwa mshahara upi utamlisha, mla maharage?"

"Wawili, basi. Wasaidiane njaa."

Askari walikuwa wameshaanza kucheka. Sira alizunguka nyuma ya lori, akazungumza na mpakiaji, na wakamshusha mmoja kwa ubao: mweusi, pembe moja imepinda kuelekea jichoni, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa. Akamkabidhi Zoumana kamba.

"Huyu hata Abidjan wasingemtaka. Mnafanana."

Korotimi alimnenepesha wiki sita kwa pumba za mtama, akamuuza Sikukuu ya Kuchinja ilipokaribia, akanunua wawili, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa na saba na hakuwa akimwomba shangazi yake kitu. Lakini hayo ni ya mbele. Siku ile lori la kwanza lilitia gia, la pili likafuata, ng'ombe kumi na tisa wakipepesuka nyuma wakati wa kupita kwenye kizuizi. Sira alitoa kichwa dirishani, akapiga kelele kuuzidi mlio wa injini:

"Traoré! Usinipunje mstari!"

Zoumana alikuwa amefunga kamba ya fahali kwenye mguu wa meza, na meza ilikuwa imeanza kuondoka.